Kansa ya matiti: dawa inafunguka ndani ya uvimbe, lakini kipimo kinatangulia

Kimio, tiba ya kansa inayojulikana zaidi, hupita mwilini mwote. Inaua chembe za kansa, lakini inaumiza pia tumbo, damu na mizizi ya nywele. Ndiyo maana watafiti wametafuta kwa miaka mingi namna ya kuifunga sumu ili ifunguke inapofika kwenye ugonjwa.

Enhertu, dawa ya kampuni Daiichi Sankyo ya Japani na AstraZeneca ya Uingereza, inafanya kazi hivyo. Kingamwili inatafuta HER2, proteini iliyo juu ya chembe za baadhi ya kansa. Kila kingamwili inabeba molekuli karibu 8 za sumu, zilizofungwa kwa kiungo cha kikemia. Chembe ya kansa ikiimeza, vimeng'enya vya ndani yake vinakata kiungo hicho na sumu inatoka.

Utafiti uliotangazwa Juni 2022 ulihusu wagonjwa wa kansa ya matiti iliyosambaa, wenye HER2 kidogo. Nusu ya waliopewa Enhertu waliishi zaidi ya miezi 23, dhidi ya karibu miezi 17 kwa waliopewa kimio. Hata hivyo, sumu haibaki yote kwenye uvimbe: baadhi ya wagonjwa waliumia mapafu, na wachache walikufa.

Si bei peke yake

Mashariki mwa Congo, kizuizi kinachotajwa kwanza ni bei. Lakini hata kama dawa hii ingetolewa bure, ingehitaji kuhifadhiwa kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8, dripu kila wiki 3, na skana ya kufuatilia mapafu. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025, hata dawa za kawaida zilifika kwa shida.

Kabla ya hayo yote kuna kipimo. Daktari lazima akate kipande cha uvimbe, na maabara ionyeshe kama kina HER2. Bila jibu hilo, hakuna anayejua nani apewe dawa.

Kipande hichohicho kinaweza kuonyesha pia kama kansa inakuzwa na homoni. Mgonjwa wa aina hiyo anaweza kusaidiwa na tamoxifen, kidonge cha zamani cha bei nafuu. Kwa hiyo maabara ya kupima uvimbe ingeleta faida Bukavu, Goma au Bunia leo, kabla ya Enhertu yenyewe kufika.