Kifua cha Mtoto wa Kakesio

Ndugu msomaji, kuna kauli moja ambayo nimeisikia mara nyingi hata nimechoka kuinyamazia. Husemwa na watu wenye elimu, tena kwa upole: “Upasuaji wa kifua ni mambo ya mjini. Watu wa kule Kakesio wapelekeeni dawa za malaria na chanjo, inatosha.” Mimi nilifanya kazi ya utabibu upande huo wa Ngorongoro, na ninasema wazi kwamba kauli hiyo si kweli. Tena ni kauli inayoua.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Wengi wakisikia daktari bingwa wa upasuaji wa kifua hufikiri habari ya moyo tu, na mitambo ya bei kubwa. Moyo ni sehemu moja. Kazi yake ni mapafu, utando unaoyafunika, koo la chakula, kiwambo na mbavu zenyewe. Ndiye anayetoa usaha uliojaa kifuani baada ya homa ya mapafu. Ndiye anayemwokoa mtu aliyechomwa na pembe ya nyati, hewa ikaingia kifuani na pafu likasinyaa. Elimu hiyo ilikuzwa na maradhi ya maskini. Kabla ya streptomaisini kugunduliwa mwaka 1943, wagonjwa wa kifua kikuu walivunjwa mbavu kwa makusudi ili pafu bovu lipumzike. Basi nani amesema kifua ni ugonjwa wa mjini?

Nikupe habari moja. Mama mmoja wa Kakesio aliniletea kijana wake, layoni wa miaka kama kumi na miwili, mchungaji wa kondoo. Alikuwa na kikohozi kirefu na maumivu ubavuni. Makohozi yake yalipimwa, vijidudu vya kifua kikuu havikuonekana. Hata hivyo alianzishiwa dawa za kifua kikuu, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliosimamia umezaji wake. Miezi ikapita, nafuu hakuna. Siku moja mama akarudi mbio. “Daktari, mtoto amekohoa maji ya chumvi kama ya Ziwa Eyasi,” akasema, “na ngozi nyeupe ndani yake.”

Hapo ndipo nilipofumbuka macho. Haikuwa kifua kikuu. Ulikuwa mfuko wa maji wa tegu wa mbwa, na ulikuwa umepasuka ndani ya pafu.

Tegu huyu ni mdogo sana, urefu wake ni milimita chache. Hukaa katika utumbo wa mbwa bila kumsumbua. Mayai yake hutoka na kinyesi, yakashika majani, maji, manyoya na mikono ya watoto. Kondoo akiyala, mifuko ya maji humea katika ini na mapafu yake. Mbwa akitupiwa mapafu hayo siku ya kuchinja, mzunguko umekamilika. Binadamu huingia katikati kwa bahati mbaya. Kwa watu mifuko mingi humea kwenye ini, na mapafu hufuata. Hukua polepole kwa miaka, mtu asijue. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ilipata sifa mbaya ya kuwa miongoni mwa mahali palipoathirika kupita pote duniani. Na Wamaasai wa Ngorongoro nao walichunguzwa na wataalamu miaka ya 1980, ugonjwa ukakutwa.

Tulimpeleka yule kijana Endulen, kisha tukapanda ukingo wa kreta, tukateremka lango la Lodoare hadi Karatu, na kutoka hapo safari ikaendelea. Mama aliuza ng'ombe wanne. Bingwa alifungua kifua, akaondoa utando wa mfuko na sehemu ya pafu iliyooza. Mtoto akapona. Lakini daktari yule aliniambia neno lisilonitoka: “Mgonjwa huyu alikuwa wangu tangu siku ya kwanza. Ninyi mlimchelewesha.” Sikuwa na jibu.

Sasa nakuja kwenye shutuma zangu, nami najihesabu ndani yake.

Shutuma ya kwanza: tumezoea kwamba kila kikohozi kirefu ni kifua kikuu. Nchi yetu ina haki ya kujivunia mpango wake wa taifa ulioanza mwaka 1977, ambao Dk. Karel Styblo aliusaidia hata ukawa mfano kwa dunia. Lakini mpango mzuri haumpi mtu ruhusa ya kuacha kufikiri. Mgonjwa asiye na vijidudu, asiyepata nafuu, anayetoka katika maboma ya kondoo na mbwa, apigwe picha ya eksirei mapema. Na asije mtu akamchoma sindano akidhani ni maji ya kawaida ya kifuani. Mfuko ukimwagika ndani, mgonjwa anaweza kufa papo hapo.

Shutuma ya pili: tumefanya mrija wa kifua kuwa siri ya mabingwa. Mrija na chupa yenye maji, ambavyo Bülau wa Hamburg alivieleza mwaka 1891, si mitambo ya ajabu. Tabibu aliyefundishwa vizuri anaweza kuuweka, na mgonjwa akafika hai kwa bingwa.

Shutuma ya tatu ndiyo nzito. Nilipomweleza mzee mmoja wa boma habari ya mifuko ile, alinishangaa. “Hayo tunayajua,” akasema. “Yamo kwenye mapafu ya kondoo kila siku. Hakuna aliyetuambia kwamba yamo pia kwa watoto wetu.” Nusu ya elimu ilikuwa bomani, nusu nyingine kwetu, na hatukuwahi kuketi pamoja! Kumpa mbwa prazikwanteli kila baada ya wiki sita, na kuchoma au kufukia mapafu yenye mifuko, si kazi ya kushinda serikali. Kule Turkana AMREF walianza mwaka 1983, na maambukizi yakapungua.

Najua nitajibiwa. Wako watakaosema gharama. Nawauliza: ng'ombe wanne wa mama yule hawakuwa gharama, kwa kuwa hawakuandikwa katika bajeti? Wako watakaosema kwamba tangu mwaka 2022 familia nyingi zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni, kwa hiyo mbona kuhangaika na Kakesio. Mabishano ya ardhi yana mahali pake. Kifua hakiulizi mwenye nacho anaishi kata gani kisheria. Maadamu yupo mtoto mmoja anayekohoa pale, huyo ni mgonjwa, na mganga aliyekula kiapo hachagui.

Sidai chumba cha upasuaji wa kifua kijengwe Kakesio. Ninadai bingwa atoke mara moja moja, aje afundishe matabibu, atazame picha za vifua, akae na wazee chini ya mti waongee habari ya mbwa. Ustadi wake utaanza kuwafaa watu siku hiyo, kabla hajashika kisu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu tunaujenga kwa mbavu za watoto.