Kochi Lilivyodisko Kabla Yangu

Wiki ya pili ya muhula huu nilikuwa narudi kutoka kimbwetani, saa nne usiku, nikakuta moshi mzito nyuma ya bweni letu. Nikadhani kuna chumba kinaungua. Kumbe ni makochi manne ya chumba cha televisheni yanachomwa. Makochi hayo yaliletwa nikiwa mwaka wa kwanza, mapya kabisa, bado yana nailoni zake. Sasa niko mwaka wa tatu. Kwa lugha yetu ya hapa chuoni, kochi limedisko kabla yangu.

Usiku ule hatukulala vizuri. Moshi ulikuwa mweusi, unawasha macho na koo, na mwenzetu mmoja mwenye pumu ilibidi ahamie kwa rafiki yake bloku nyingine mpaka asubuhi. Tulipouliza, jibu lilikuwa fupi: yameharibika, hakuna pa kuyaweka. Na kweli, pa kuyaweka hapakuwepo. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Tuanze na kochi lenyewe. Ile tunayoiita leza si ngozi. Mara nyingi ni kitambaa chembamba kilichopakwa plastiki ya PVC, ambayo kwa asili ni ngumu kama bomba la maji. Ili iwe laini ya kukalia huongezwa kemikali za kulainisha. Kemikali hizo hazijashikamana na plastiki yenyewe. Hutoka taratibu mwaka hadi mwaka, na zikishatoka leza inakakamaa na kupasuka. Ndani kuna sponji inayotokana na mafuta ghafi. Ukichoma PVC unapata gesi ya asidi na sumu ziitwazo dioksini. Ukichoma sponji unapata kaboni monoksaidi na gesi ya sianidi. Hiyo ndiyo hewa tuliyovuta usiku ule, wenzangu.

Juni 1, 2019 nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Tulilalamika wiki mbili, tukazoea. Lakini plastiki tunayoikalia kila siku hakuna anayeiuliza imetoka wapi na itaishia wapi.

Kuna kisa ambacho mhadhiri wetu alikigusia darasani, nikaenda kukisoma mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kiwanda kidogo cha Uswisi, Rohner, kilikuwa kinafuma vitambaa vya viti vya ofisini. Mamlaka za huko zikatamka kwamba vipande vinavyobaki baada ya kukata kitambaa ni taka hatarishi, haviruhusiwi kufukiwa wala kuchomwa ndani ya nchi. Hebu fikiria! Vipande vya pembeni ni sumu, halafu kitambaa chenyewe kinapelekwa ofisini watu wakikalie.

Hapo wakaingia Mmarekani William McDonough, msanifu majengo, na Mjerumani Michael Braungart, mkemia. Pendekezo la kwanza walilopewa lilikuwa kuchanganya pamba na plastiki ya chupa zilizorejelezwa. Linasikika zuri, sivyo? Wao walilikataa. Sababu ni kwamba pamba ingeweza kuoza na kurudi shambani, na plastiki ingeweza kuyeyushwa ikatumika tena, lakini ukishazifuma pamoja hakuna kinachorudi popote. Wakachagua sufu ya kondoo na nyuzi za mmea uitwao rami. Kisha wakatafuta kampuni ya kemikali itakayokubali kufungua vitabu vyake na kuonyesha kilichomo ndani ya rangi. Makumi ya kampuni yalikataa, ikakubali moja tu, Ciba-Geigy. Katika kemikali karibu 8,000 zilizotumika kwenye vitambaa, zilizopita mchujo ni 38.

Kitambaa kilitoka mwaka 1995. Wakaguzi walipopima maji yanayotoka kiwandani walidhani vipimo vyao vimeharibika, kwa sababu yalikuwa safi kama yanayoingia. Wafanyakazi waliacha kuvaa glovu na barakoa. Vile vipande vilivyokuwa taka hatarishi viligeuzwa matandazo, wakulima wakafunikia udongo wa mashamba ya stroberi.

Ninachokipenda katika kisa hiki ni wakati swali lilipoulizwa. Wao waliuliza “hiki kitaishia wapi?” kabla ya kufuma uzi wa kwanza. Sisi tumeuliza moto ukiwa umeshawashwa.

Najua kuna mtu anasema: wewe, hiyo ni Uswisi, sisi bumu lenyewe linachelewa. Sawa. Lakini tusijifanye kwamba jambo hili ni geni kwetu. Bibi zetu walilalia magodoro ya sufi. Sufi ikigandamana walifumua mshono, wakaichambua, wakaianika juani, wakairudisha. Na kunguni walikuwamo, sitawadanganya. Hoja yangu ni kwamba lile godoro lilishonwa likijua kwamba litafumuliwa.

Na malighafi tunazo. Mkonge umelimwa nchini tangu 1893, na Tanga nzima inaujua. Kule Meatu, mkoani Simiyu, wakulima wanalima pamba bila dawa za kemikali tangu miaka ya 1990, kupitia mradi ulioanzishwa na kampuni ya Uswisi hiyohiyo. Ila sehemu kubwa ya pamba yetu inaondoka ikiwa ghafi, sisi tunanunua leza. Sisemi kila kitu cha asili ni chema. Pamba ya kawaida inakunywa dawa nyingi, na mkonge ukiukalia mtupu utakuchoma. Ndiyo maana tuna wanafunzi wa kemia, uhandisi na ubunifu hapa chuoni. Kazi hii ni yao.

Likizo iliyopita nilishinda Keko na mjomba wangu, fundi makochi. Aliniambia zamani alikuwa analetewa fremu ya mninga kuivalisha mara ya tatu, ya nne. Siku hizi analetewa kochi lenye fremu ya ubao wa unga wa mbao, kitambaa kimegundishwa kwa gundi, sponji imegundishwa, kila kitu kimegundishwa. Akilifungua linavunjika. Mteja anashauriwa anunue jipya, na mjomba anakosa kazi. Kwa hiyo msidhani hii ni hoja ya mazingira peke yake. Ni ugali wa watu.

Sasa tangazo la kununua samani mpya za mabweni limeshabandikwa, na serikali ya wanafunzi ina nafasi ya kutoa maoni kabla zabuni haijafungwa. Naomba waziri wetu wa malazi apeleke mambo matatu.

Kwanza, kitambaa kiwe cha kuvua, chenye zipu, kifuliwe na kibadilishwe peke yake. Kifumwe kwa nyuzi za aina moja ya familia, si mchanganyiko usiorudi popote, na PVC ikataliwe kabisa. Muuzaji akishindwa kusema kimetengenezwa kwa nini, tusinunue.

Pili, fremu iwe ya mbao halisi iliyofungwa kwa skrubu, na mkataba uwe na kipengele cha ukarabati kwa mafundi wa hapa mjini.

Tatu, hakuna kuchoma samani ndani ya eneo la chuo. Anayeuza ndiye achukue la zamani.

Litakuwa ghali zaidi? Siku ya kununua, ndiyo. Lakini pigeni hesabu ndogo ya mwaka wa kwanza: kochi linalodumu miaka mitatu, ukilinunua mara nne, limekufikisha mwaka wa 12. Kochi la mninga linalobadilishwa nguo mara tatu katika miaka hiyohiyo umelinunua mara moja. Anayesema chuo hakina hela ndiye hasa anayepaswa kuogopa leza.

Maoni yanapokelewa ofisi ya serikali ya wanafunzi mpaka Ijumaa. Nitapeleka yangu kwa maandishi, na yule mwenzetu mwenye pumu amesema atasaini. Karibuni mtuongezee majina.