Namba 2 Iliyokatwa Mstari

Kwenye pakiti ya uzi wa leza ya upasuaji wa retina pana alama ndogo: duara lenye namba 2 iliyokatwa mstari. Maana yake: kifaa kitumike mara moja, kisha kitupwe. Uzi wenyewe ni kioo chembamba kilichovikwa plastiki. Ncha yake ya chuma, nene kama nusu milimita, huingizwa ndani ya jicho kutibu retina iliyopasuka au iliyoharibiwa na kisukari.

Mgonjwa wa Mbamba Bay huufuata uzi huo mbali. Hupanda kilomita zipatazo 66 hadi Mbinga, nyingine kama 100 hadi Songea, na huenda akaambiwa aendelee hadi Dar es Salaam au hospitali ya KCMC, Moshi. Baada ya safari yote hiyo, bei ya kifaa cha kutupwa isiwe ndiyo inayomrudisha nyumbani na jicho linalofifia.

Je, uzi huo utakaswe, utumike tena?

Jarida hili linasema ndiyo, ila kwa masharti makali. Hospitali za Aravind za India, zilizoanza Madurai mwaka 1976 zikiwa na vitanda 11, hurudia kutumia vifaa vingi vya upasuaji wa mtoto wa jicho, na maambukizi yao ni machache. Utafiti wa 2017 ulionyesha kuwa upasuaji mmoja huko hutoa hewa ukaa takriban asilimia 5 tu ya ile ya Uingereza.

Hata hivyo, uzi wa leza si mkasi. Mkasi huvumilia mvuke wa nyuzi 134. Gundi na plastiki za uzi huweza kulegea kwa joto hilo. Vumbi likibaki kwenye ncha inayochomekwa mashineni, huungua mwanga unapopita. Mabaki ya sabuni pekee huweza kulivimbisha jicho, bila kijidudu chochote.

Ndiyo maana anayetakasa lazima awajibike kama mtengenezaji, msimamo ulioshikwa na mamlaka ya dawa ya Marekani tangu 2000. Kila uzi uwe na namba, kila matumizi yaandikwe, ncha ikaguliwe kwa hadubini, na mgonjwa aelezwe kabla ya kutia saini.

Katika hospitali za Mbinga na Liuli, kazi ya kutakasa vifaa haingoji leza. Inaanzia kwenye utepe wa otoklevu: mistari ikiwa myeusi, muuguzi anajua kuwa joto limepita, lakini hajajua kama vijidudu vimekufa. Kipimo cha vijidudu, na daftari la kuandikia majibu yake, ndivyo vitu ambavyo toleo hili linaviombea bajeti.