Bili Ikija, Kila Mtu Anashika Simu

Mwezi huu nataka tuzungumzie kile kijalada cheusi ambacho mhudumu anakiweka katikati ya meza, halafu ghafla kila mtu anakumbuka kusoma meseji. Ndiyo, bili!

Wengi wetu hapa Dar tukitoka na washikaji Ijumaa, tunamaliza kwa njia ya mkato: gawanya sawa kwa sawa. Ni rahisi, ila siyo haki. Tuseme mko sita na bili ni Sh 180,000, yaani kila kichwa Sh 30,000. Mmoja wenu alikula chipsi kuku na soda moja, jumla Sh 14,000. Hapo amelipia Sh 16,000 za bia na mbuzi choma ambavyo hata hakuvigusa.

Atatoa, tena huku anatabasamu. Ila Ijumaa inayofuata ukimpigia atakwambia, "Nimebanwa na kazi." Nyingine, "Sijisikii vizuri." Ya tatu hamumpigii tena. Mnaanza kusema siku hizi anaringa, kumbe mwenzenu anaogopa bili. Ndiyo maana nasema hili siyo suala la hela tu. Urafiki wa tangu chuo unakufa kimyakimya, na hakuna aliyegombana na mtu.

Kinachonishangaza ni kwamba hesabu hizi tunazijua vizuri. Nani hapa mjini hajachangia harusi? Kadi ya singo ina kiwango chake, ya dabo ina chake, na hakuna anayenuna. Sasa iweje mtu aje mgahawani na mchumba wake, halafu kwenye bili ahesabiwe kichwa kimoja?

Mimi naona tufanye hivi.

Kwanza, makubaliano yatangulie menyu. Anayepanga mtoko aseme mapema ni wapi, bei zikoje, na kama kila mtu atajilipia. Mhudumu naye aambiwe mwanzoni atenganishe bili, siyo mkishashiba.

Pili, sinia la nyama lililoliwa na wote ligawanywe kwa wote, lakini vinywaji kila mtu na vyake. Asiyekunywa pombe asilipishwe kiu ya jirani.

Tatu, aliyealika ndiye anayelipa. Ukisema "njoo nikutoe", jipange. Ukisema "tukutane tule", kila mtu aje na chake. Na nyie wapenzi, kaka akilipa leo siyo mbaya, ila dada, siku nyingine mtangulie. Utaona atakavyofurahi, hata kama atajifanya anakataa.

Nne, mmoja akitoa taslimu kwa niaba ya wenzake, mrushie hela yake usiku huohuo, na ya kutolea juu yake. M-Pesa ipo hapa nchini tangu 2008, kwa hiyo "sina chenji" siyo kisingizio tena.

Na wewe ambaye mfuko umetoboka, sema tu mapema: "Jamani, leo mwisho wangu elfu kumi na tano." Siyo aibu hata kidogo. Rafiki wa kweli atakuelewa, na anayekucheka umeshamjua. Ukiwa na uwezo wa kumwongezea mwenzio, mwongezee bila meza nzima kujua. Wahenga walisema kutoa ni moyo, hawakusema kutoa ni matangazo.

Kabla mwezi haujaisha, hebu mtafute yule rafiki yenu ambaye siku hizi "amebanwa na kazi". Safari hii mwacheni yeye achague mahali. Huenda kazi zikapungua ghafla!

Tukutane mwezi ujao.