BWANA SHAMBA ANASEMA: Kahawa Imefika Bandarini

Ndugu mkulima, mwezi uliopita tuliiacha kahawa ya Iyula ikitoka kiwandani baada ya kukobolewa. Leo imefika bandari ya Dar es Salaam.

Magunia ya kilo 60 hupangwa ndani ya kontena. Kontena la futi 20 huchukua magunia yapatayo 320. Maofisa wa forodha hukagua hati. Mlango hufungwa kwa lakiri. Kisha winchi kubwa hulinyanyua kontena na kulipakia melini.

Sasa hakuna wa kuianika kahawa tena. Meli hukaa baharini majuma mengi. Mchana kontena hupata joto, usiku hupoa. Kama kahawa haikukauka vizuri, mvuke hupanda juu, hugeuka matone na kuidondokea. Kahawa huota ukungu. Bei huanguka, na hasara humrudia mkulima.

Basi, ndugu, safari njema ya meli huanzia kwenye kichanja chako. Geuza kahawa mara kwa mara. Ifunike usiku na wakati wa mvua. Kabla ya kuiuza chamani, ipimwe. Unyevu usizidi asilimia 12.

Mwezi ujao: mnunuzi afungua mlango wa kontena.