Pikapu Mbovu Yaweza Kuwa Tela la Maksai

Umevuna mahindi, lakini shamba liko mbali. Utayafikishaje mavuno nyumbani? Je, mama na watoto wayabebe kichwani? Jozi ya maksai na tela vyaweza kuifanya kazi hiyo.

Tela jipya ni ghali. Lakini katika gereji nyingi za mijini kuna pikapu zilizokufa injini, na nusu ya nyuma bado ni nzima. Nusu hiyo ina bodi, springi, ekseli na magurudumu mawili. Fundi hodari ataikata, kisha atafunga mti wa kuvutia. Hapo umepata tela.

Kabla ya kutoa fedha, kagua mambo manne:

1. Hati. Dai kadi ya gari na stakabadhi. Usinunue mali ya wizi.

2. Magurudumu. Inua gurudumu juu, ulizungushe kwa mkono. Likikwaruza au likichezacheza, beringi zimekwisha.

3. Chasisi. Gonga chuma kwa nyundo ndogo. Palipoliwa na kutu patabonyea au patatoboka.

4. Breki ya mkono. Hili ndilo jambo ambalo watu wengi hulisahau.

Wengine husema, "Maksai hawakimbii kama gari. Breki ya nini?" Fikiri hivi. Tela na mzigo wake vina uzito wa kilo 1,000. Njia inateremka mita 1 katika kila mita 10. Hapo tela linawasukuma maksai kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 100. Wanyama watazuia kwa shingo zao. Wakichoka au wakiteleza, tela litawapanda. Utapoteza maksai, mzigo, na pengine mtoto aliyekuwa akiwaongoza mbele.

Katika pikapu nyingi, breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma. Basi umekwisha kuinunua pamoja na ekseli! Mwambie fundi asiutupe waya wake. Aufunge kwenye mkono wa chuma, mahali ambapo mwendeshaji ataufikia upesi. Kisha jaribu. Vuta breki, watu wawili wasukume tela tupu. Magurudumu yakizunguka, usilipokee tela. Likishapakiwa, lijaribu tena kwenye mteremko mdogo kabla ya kwenda kwenye mlima.

Fundi aondoe pia shafti ndefu iliyotoka kwenye gia. Difu ikibaki, iwe na oili yake, kwa sababu vyuma vyake vya ndani vitaendelea kuzunguka.

Sasa tupakie. Mzigo mzito ukae juu ya ekseli, na uelekee mbele kidogo. Ukizidi nyuma, mti wa kuvutia utainuka na nira itawakaba maksai. Ukizidi mbele, utawaumiza shingo. Maksai wageni waanze na gunia 5 za kilo 100. Jozi yenye nguvu, katika njia nzuri ya tambarare, yaweza kuvuta gunia 10. Njia ikiwa ya mchanga, matope au mlima, punguza.

Je, unakwenda mnadani na utalala njiani? Funga vyuma vilivyopindwa juu ya bodi, utandike turubai. Mvua ikinyesha, wewe na mzigo mtakuwa pakavu. Lakini tela la magurudumu mawili hupinduka ukipanda nyuma. Kwa hiyo, kabla ya kulala, fanya haya: wafungue maksai, vuta breki, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, kisha simamisha nguzo mbele na nguzo nyuma. Usiku usitembee bila taa. Bandika vibao vinavyong'aa, vyekundu nyuma na vyeupe mbele, ili wenye magari wakuone.

Kila wiki kaza nati za magurudumu na pima upepo. Kila msimu mwite fundi akague beringi na breki.

Ndugu mkulima, fedha zisipotosha, acha rangi. Acha turubai. Hata bodi yaweza kuwa ya mbao za kijijini. Lakini breki usiiache. Tela linaweza kungoja mwaka mwingine lipakwe rangi. Maksai aliyevunjika mguu mlimani hawezi kungoja.