Mtoto Aliyeitwa Mbali na Kihamba

Mwishoni mwa Disemba, jioni moja ambapo wingu lilikuwa limekwisha kushuka kutoka Kibo na kuifunika migomba, alinijia jirani yangu, mama auzaye ndizi sokoni Kiboriloni, akafungua pindo la khanga yake na kutoa karatasi nne zilizochapwa mjini, akanitaka nimsomee kwa sauti maneno ambayo, kwa jinsi karatasi zile zilivyokunjamana, ilikuwa dhahiri amekwisha kuyasoma mwenyewe si mara moja wala mbili: ya kuwa mwanawe, aliyemaliza darasa la saba katika shule ya serikali hapa kwetu Old Moshi, amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika Shule ya Sekondari ya Wavulana Tabora. Nilipomaliza alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Mwalimu, nimwache aende, au niombe abaki hapa shule ya kata niwe namwona?"

Serikali yetu inazo shule saba ilizozipa jina la vipaji maalumu: Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora kwa wavulana, Kilakala, Msalato na Tabora kwa wasichana. Hakuna hata moja iliyo katika mkoa wa Kilimanjaro, na iliyo karibu nasi kupita zote ni Ilboru ya Arusha. Kwa hiyo mzazi wa Marangu, wa Kibosho au wa Machame ambaye mwanawe amepata alama za juu huulizwa, kwa kipimo cha karatasi zile nne, kama yu tayari kumtoa mtoto wa miaka 13 nje ya kihamba, shamba la nyumbani la ukoo, na kumkabidhi kwa watu asiowajua, ambako akiugua homa usiku habari humfikia mama yake asubuhi kwa simu ya mwalimu.

Sitaki kuificha nadhari yangu: shule hizi ni neema kubwa, na asemaye kwamba zifutwe kwa kuwa zinabagua hajapata kukaa na kijana mwenye akili nyingi aliyekosa mtu wa kumsukuma. Tangu Januari 2016 serikali ilipoondoa ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika sekondari zake, ada ambayo kwa bweni ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka, mtoto wa muuza ndizi aweza kupata elimu ambayo jirani yake mwenye gari hulipia mamilioni katika shule binafsi na seminari zilizojaa mlimani petu. Fauka ya hayo, huko hukuta wenzi. Mtoto aliyezoea kumaliza hesabu wakati wenziwe wangali wakichora mistari ya pambizo, akaanza kuchezea dirisha na kuitwa mtundu, hufika mahali ambapo yeye ndiye wa 30 darasani, na mshangao ule, ukiwa chungu, humjenga kuliko sifa zote alizopewa nyumbani. Hulala chumba kimoja na Msukuma, Mmakonde na Mhaya, na hili kwetu sisi Wachagga, tunaopenda kuhesabiana koo hata tukiwa ugenini, lina faida isiyoandikwa katika cheti. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisoma Tabora kuanzia 1937, katika shule ambayo Waingereza waliianzisha kwa ajili ya wana wa watemi, akatoka humo na marafiki wa makabila ambayo Butiama asingekutana nayo.

Lakini hasara ipo, na haimpati mtoto aondokaye peke yake. Nilifundisha hesabu miaka mingi, nami najua jinsi darasa la watoto 60 linavyosimama juu ya watoto watatu au wanne: hao ndio waelewao kwanza, na hao ndio wawaelezao wenzao wakati wa mapumziko chini ya mgrevilea, kwa maneno ambayo mwalimu hana. Ukiwaondoa wote wanne, mwaka baada ya mwaka, ukawapeleka ghaibu, shule ya kata hubaki na walimu wale wale, ubao ule ule, na kimya. Kisha wazazi huitazama na kusema haifai, nayo kweli huanza kutofaa.

Hata hivyo kinachonikosesha usingizi ni jambo jingine, nalo ni la insafu. Mtihani wa darasa la saba hupima alama, na alama si kipaji tu. Ni kipaji pamoja na mwalimu, na kitabu, na uji wa asubuhi, na taa ya kusomea. Mtoto wa mjini Moshi aliyesoma shule binafsi ifundishayo kwa Kiingereza tangu chekechea, akapelekwa masomo ya ziada jioni na Jumamosi, na mtoto wa Kahe au Arusha Chini, tambarare kule ambako maji ya mlima hufika yakiwa matope na ambako yeye huanza siku kwa kupeleka mbuzi malishoni, hupewa karatasi ya maswali yale yale siku moja. Wa kwanza akipata alama kumi zaidi, je, mizani imetuambia kwamba ana akili zaidi? Hasha. Imetuambia kwamba alitayarishwa zaidi. Na mtoto wa Kahe aliyepungukiwa na alama hizo kumi, ilhali amewapita wote aliokaa nao sakafuni, pengine ndiye kipaji hasa kilichokusudiwa na jina la shule zile.

Wazee wa mlimani watanikumbusha kwamba dawa ya kumpima mtoto kwa mahali atokako tulikwisha kuionja, na ilikuwa chungu. Wamishonari na fedha za kahawa, hasa baada ya chama chetu cha ushirika, KNCU, kuundwa mwaka 1933, zilitupa shule mapema kuliko wengi; ndipo serikali ilipozitwaa shule za madhehebu kwa Sheria ya Elimu ya 1969, Umbwe ya hapa mlimani ikiwamo, na baadaye ikagawa nafasi za kidato cha kwanza kwa mikoa na wilaya, ili mtoto wa Kigoma naye apate. Mtoto wa Kilimanjaro akawa akishinda mtihani na kukosa nafasi, na wazee wakalalamika, tena wakachanga mawe na saruji wakajenga shule zao wenyewe. Sisemi machungu yale yalikuwa ya bure. Nasema tu kwamba sisi tuliokuwa upande wa wenye shule nyingi tulisahau kuutazama mlima wetu wenyewe, kwa maana tofauti kati ya juu na tambarare, kati ya mtoto wa lami na mtoto wa vumbi, ni ile ile iliyokuwapo kati yetu na Kigoma.

Si sisi tu tuliohangaika na swali hili: huko Marekani shule za umma zenye kuvuta watoto kutoka mitaa mbalimbali zilishamiri katika miaka ya 1970 kwa muradi wa kuwachanganya watoto weusi na weupe kwa hiari ya wazazi, kila shule ikijivunia sayansi au sanaa ili wazazi wavutiwe. Jimbo la Texas nalo, mwaka 1997, lilitunga sheria kwamba kijana aliye katika asilimia 10 ya juu ya darasa lake katika shule yoyote ya sekondari, iwe ya matajiri au ya mafukara, apate nafasi katika chuo kikuu cha umma cha jimbo. Yaani alipimwa na wale aliokaa nao, chini ya paa lile lile, mbele ya mwalimu yule yule. Sheria ile ililetewa ubishi mwingi, lakini msingi wake naupenda.

Nasi tuna fursa, maana sera ya elimu, katika toleo la 2023, inakusudia elimu ya lazima ya miaka 10, na mtihani wa darasa la saba tuliouzoea unaelekea ukingoni. Kabla mizani mpya haijaundwa, napendekeza kila kata itengewe nafasi ya kumtuma walau mtoto mmoja katika shule za vipaji maalumu, achaguliwe miongoni mwa watoto wa shule za serikali za kata hiyo, kwa kulinganishwa na wenziwe wa kata ile tu. Nafasi zitakazobaki zishindaniwe na wote. Na shule ya kata iliyomtoa mtoto huyo isiachwe mikono mitupu: ipewe mwalimu wa ziada wa hesabu au wa sayansi, kwa maana imelipa kwa kitu cha thamani kuliko fedha.

Mama yule nilimwambia, "Aende." Nilimwambia pia kwamba atalia, na kwamba mtoto ataandika barua ya kwanza akisema chakula kibaya na ya pili akiomba fedha, na asizikimbilie zote mbili. Tulikwenda Mbuyuni kununua tranka, tukachagua la bluu lenye kufuli mbili, na fundi akaandika jina kwa rangi nyeupe huku kijana amesimama kando akiifuata kila herufi kwa macho. Siku moja kabla ya safari alikwenda shuleni kwake kuaga, akiwa amebeba madaftari yake yote ya hesabu ya darasa la sita na la saba, yamefungwa kwa kamba ya mgomba. Mwalimu aliyapokea, akayafungua moja moja, kisha akawaita watoto wawili wa darasa la sita waliokuwa wakifagia uwanja, akawakabidhi.